Gambiti ya Tembo: kutoa askari, kununua muda

Mchezaji wa drafti wa Morogoro anayehamia sataranji huja na silaha kali: anajua kutoa. Kijiweni, hata kete zikiwa vizibo vya soda, kula ni lazima. Unamlisha mwenzako kete moja ukijua atatua wapi, kisha unazoa zake na kuingia kingi. Kwenye sataranji mambo hubadilika, kwa sababu hakuna anayelazimika kula. Kwa hiyo askari unayemtoa anunue kitu kitakachobaki hata mpinzani asipoingia mtegoni. Kitu hicho ni muda, yaani hatua za kuwahi kutoa kete zako.

Gambiti ya Tembo, ufunguzi mkali usioonekana mara nyingi, inalionyesha jambo hilo vizuri. Nyeupe anasogeza askari e4, nyeusi anajibu e5. Nyeupe anatoa farasi f3 kumtishia askari huyo. Wengi humlinda kwa kuleta farasi c6. Mchezaji wa Tembo halindi. Anasukuma askari wa pili hadi d5.

Nyeupe akimla wa d5, wa e5 anasonga e4 na kumtishia farasi. Asiyejua hushtuka, akamrudisha farasi g1 alikotoka. Hapo malkia mweusi anakula d5: askari amerudi, na nyeupe hana kete hata moja aliyoitoa nyumbani.

Anayejua humleta malkia e2. Sasa askari wa e4 amefungwa: akimla farasi, mfalme wake anabaki wazi mbele ya malkia, na sheria hairuhusu. Nyeusi anatoa farasi f6, nyeupe anasogeza d3. Nyeusi akiamua kwenda kasi, anaweka askofu e7, anamwacha askari wa e4 aliwe, kisha anamficha mfalme nyuma ya ngome.

Hesabu tuifanye kwa uaminifu. Nyeusi amepoteza askari wawili. Alichopata ni mfalme aliye salama na kete zilizo tayari, wakati mfalme mweupe bado yuko katikati na malkia wa e2 amemzibia njia askofu wake mwenyewe. Kanuni ya zamani hukadiria askari mmoja kuwa sawa na hatua tatu. Kwa kipimo hicho deni bado ni kubwa, na ndiyo maana wachezaji wakubwa hawaiamini Tembo kwenye mechi ndefu.

Mkulima wa mboga wa Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru, anaielewa hesabu hii. Mbegu na mbolea hulipiwa kabla ya mavuno, na mzigo ukichelewa soko, mtaji umekwenda. Muda ulionunuliwa kwa askari nao huoza. Nyeupe akishamtoa askofu wake na kumficha mfalme, kinachobaki ubaoni ni upungufu wako tu.

Basi icheze Tembo kwenye mechi za dakika chache, ambako mpinzani hana nafasi ya kuitafuta e2. Kabla ya hapo, panga ubao na mwenzako kuanzia malkia anapofika e2, mcheze mara kadhaa, kila mmoja akishika nyeusi kwa zamu. Ukiweza kutaja kila hatua yako inatishia nini, uko tayari. Ukijikuta unasubiri mpinzani akosee, chukua ile njia ya kawaida: farasi c6.