Rimu Iliyokwaruzwa: Ufa Utazamwe Kabla ya Rangi

Barabara za Kicukiro, mojawapo ya wilaya tatu za Jiji la Kigali, hupanda na kushuka vilima, na kando ya nyingi zimejengwa kingo za saruji. Kwa kuwa nchini Rwanda magari hupita upande wa kulia, aghalabu rimu za upande huo ndizo zikwaruzwazo dereva anapoegesha. Mkwaruzo mdogo wa rimu ya alumini waweza kutengenezwa nyumbani. Lakini kwanza hapana budi kuhakikisha kwamba ni mkwaruzo tu.

Gari liegeshwe mahali tambarare, gurudumu lifunguliwe, lioshwe kwa sabuni na kutazamwa pande zote mbili. Rimu yenye ufa au iliyopinda, au tairi lililovimba ubavuni, vipelekwe kwa fundi. Rangi huficha ufa, haiuungi.

Ikiwa ni mkwaruzo tu, tairi lifunikwe kwa karatasi. Ncha kali zisawazishwe kwa tupa, na vishimo vijazwe puti ya chuma. Ikikauka, pasuguliwe kwa msasa namba 240, kisha 400, hatimaye 600 pamoja na maji. Ndipo ifuate rangi ya msingi, rangi ya fedha na vanishi, kila moja kwa matabaka membamba. Afanyaye kazi afunike pua, na watoto wakae mbali na vumbi.

Gurudumu likirudishwa, nati zikazwe kwa kupishana, na zikaguliwe tena baada ya kilometa 50 hivi. Uzuri wa rimu ni pambo. Uimara wake ni uhai wa abiria.