Kidhibiti kipi kinaijibu Garissa?

Taasisi nyingi zenye makao makuu Nairobi na matawi Garissa, Wajir na Mandera huendesha kompyuta zake kwa Active Directory, mfumo uliokuja na Windows 2000. Karani wa Garissa anapoandika jina na nenosiri lake asubuhi, kuna seva inayoamua aingie au asiingie. Hicho ndicho kidhibiti cha domeni. Ukimuuliza afisa wa ICT viko vingapi, viko wapi, na ni kipi kinachomjibu karani huyo, mara nyingi atafungua jedwali lililoandikwa miaka iliyopita na mtu ambaye amekwisha kuhama kazi. Jedwali hilo ni la kuwekwa kando. Uulizwe mtandao wenyewe, kwa skripti fupi inayojiendesha kila siku.

Mahali pa kuanzia ni DNS. Kila kidhibiti kinapowaka hujiandikisha humo chini ya jina linaloanza na _ldap._tcp.dc._msdcs, likifuatwa na jina la domeni. Amri ya nslookup, ikiagizwa itafute rekodi za SRV, huleta orodha hiyo hata kwenye kompyuta ambayo haijajiunga na domeni, mradi inatumia DNS ya ndani ya ofisi. Wenye PowerShell wanayo Get-ADDomainController. Iongezewe -Filter *, kwani bila hiyo huleta kidhibiti kimoja tu, na mtu akadhani amemaliza.

Lakini orodha ya DNS inataja vilivyojiandikisha, vikiwemo vilivyokufa bila kufutwa. Kwa hiyo skripti ibishe hodi kwa kila jina: mlango nambari 389 wa LDAP na nambari 88 wa Kerberos. Hapa ndipo skripti zilizoandikwa kwa ajili ya miji yenye mtandao imara zinapotupotosha. Minara ya mawasiliano katika kaunti zetu tatu imelipuliwa na Al-Shabaab mara kadhaa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi upande wa Madogo, na fundi akishindwa kupita, kilichoharibika hukaa kimeharibika. Ofisi inayotegemea setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta husubiri zaidi ya nusu sekunde ili swali lake lifike na jibu lirudi. Skripti inayosubiri milisekunde 200 itaitangaza Mandera imekufa ilhali iko hai. Ipe sekunde kadhaa, iijaribu tena baada ya saa chache, na iandike saa na tarehe ya kila jibu.

Tarehe hiyo ina uzito kuliko wanavyodhani wengi. Akaunti ikifutwa, Active Directory huweka alama ya kufutwa kwake kwa siku 180, au 60 katika mifumo iliyoanzishwa zamani, kisha alama yenyewe hutoweka. Kidhibiti kilichozimwa kwa muda unaopita huo hakitapata kujua kwamba akaunti ilifutwa, na kikiwashwa kitarudi na watu walioachishwa kazi zamani. Kwetu huku muda kama huo si jambo la kubuni. Chuo Kikuu cha Garissa kilifungwa baada ya shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 lililowaua watu 148, kikafunguliwa tena Januari 2016. Seva yoyote ya taasisi inayozimwa kwa miezi kama hiyo imekwisha kupita kikomo. Isiunganishwe tena na mtandao. Ifutwe, ijengwe upya, na jina lake la zamani liondolewe kwenye saraka. Amri ya repadmin /replsummary huonyesha ni lini kila kidhibiti kilipatana na wenzake mara ya mwisho, nami ningeiweka ndani ya skripti hata kama mengine yote yangeachwa.

Skripti ionyeshe pia vidhibiti vya kusoma tu, vilivyoanza na Windows Server 2008. Hivi kwa kawaida havihifadhi nenosiri lolote ila la wale walioruhusiwa, na kwa tawi ambalo seva yake inakaa chini ya meza katika chumba kisicho na kufuli, sioni sababu ya kuweka cha aina nyingine. Kabla ya kugonga milango hii pata idhini kwa maandishi: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 huhesabu kuingia bila ruhusa kuwa kosa, hata kwa mfanyakazi.

Limebaki suala la karani wetu. Windows huchagua kidhibiti kwa kutazama anwani ya kompyuta imo katika eneo gani (site) la Active Directory. Ofisi ikibadilisha kampuni ya intaneti au rauta, anwani za ndani huweza kubadilika, na zisiposajiliwa upya chini ya eneo lake, kompyuta ya Garissa inaweza kujibiwa na Nairobi, au na Mandera, huku kidhibiti cha Garissa kiko chumba cha pili. Kila kidhibiti huziandika anwani hizo zisizo na kwao katika faili la netlogon.log, kwa maneno NO_CLIENT_SITE. Skripti ilisome faili hilo kwenye kila kidhibiti na kuzikusanya. Zikishasajiliwa, washa upya kompyuta moja ya Garissa na uendeshe nltest /dsgetdc: pamoja na jina la domeni. Jina la kwanza litakalotokea ndilo la kidhibiti kilichojibu.