Kompyuta Kuukuu Dukani: Usiitupe, Itenge

Tuseme una agroveti hapa Rongo, kando ya barabara ya Kisii–Migori. Kwa kaunta kuna kompyuta mbili. Ile mpya ndiyo unaangalizia malipo ya wateja na floti. Ile kuukuu ina Windows 7 na huwezi kuiondoa, maana programu ya stoki uliyowekewa na fundi zamani haikubali kwingine, na madeni ya mbolea ya wakulima wa miwa yote yamo humo. Mradi ile mpya iko sawa, shida iko wapi?

Shida ipo. Microsoft iliacha kuipa Windows 7 masasisho ya bure tarehe 14 Januari 2020. Tundu likigunduliwa leo, haliji kuzibwa. Na anayeingilia hapo hakai hapo. Mei 2017, kirusi WannaCry kilifika nchi zaidi ya 150. Kikishaingia kompyuta moja, kiliruka hadi nyingine kwenye mtandao uleule bila mtu kubonyeza chochote, kikafunga faili na kudai kuanzia dola 300.

Kompyuta yako mpya yaweza kuwa imezibwa matundu, lakini kama inachangia folda na ile kuukuu, au zote mbili zina nenosiri moja, mlango umeuacha wazi mwenyewe.

Basi itenge. Chomoa kebo ya mtandao na uzime Wi-Fi. Kisha ifanye isahau nenosiri la Wi-Fi, la sivyo kijana wa duka ataiunganisha tena siku Gor Mahia wanacheza. Kukata bando peke yake hakutoshi, kwa sababu kompyuta zilizo kwenye Wi-Fi moja huweza kufikiana hata bila intaneti. Printa nayo iunganishe kwa waya wake.

Ukitaka kutoa rekodi, tumia flashi moja ya kazi hiyo tu, na uikague kwa antivirusi kwenye ile mpya kabla ya kufungua faili. Flashi iliyotoka saiba isiguse hapo kabisa. Nakili madeni kila jioni. Mashine ya umri huo inaweza kufa hata bila kirusi.

Na je, umewahi kufungua akaunti yako ya malipo kwenye ile kuukuu, hata mara moja tu? Badilisha nenosiri leo, ukitumia ile mpya.