Utabiri, Makadirio au Maoteo? Istilahi za Matumizi ya Nishati katika Uchukuzi

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa taarifa za nishati ni zile zihusuzo kiasi cha mafuta na umeme kitakachotumiwa na vyombo vya uchukuzi katika miaka ijayo. Neno moja, 'utabiri', hubebeshwa dhana tatu. Tumeonelea zitenganishwe.

'Tabiri' asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kale ni kufasiri ndoto. Limekwisha kuzoeleka katika utabiri wa hali ya hewa, nasi hatuna haja ya kuliondoa huko. Lakini anayepanga mahitaji ya mafuta ya kisiwa haagui wala hapigi ramli, huhesabu.

Tuchukue mfano wa Unguja. Tuseme njia moja ya kutoka mjini kwenda shamba ina daladala 50, na kila moja hutumia lita 20 kwa siku. Jumla ya lita 1,000 ni 'makadirio', yaani kiasi kipatikanacho kwa kupima mambo yaliyopo. Abiria wakizidi, nasi tukatarajia magari 60 mwakani, lita 1,200 ni 'maoteo', neno ambalo tayari hutumika katika kupanga mahitaji ya dawa za hospitali. Na tukisema, 'Iwapo nusu ya magari hayo yatatumia umeme, mafuta yatashuka hadi lita 600,' hayo ni 'makisio': yamesimama juu ya sharti.

Tofauti hii si pambo. Shirika la Kimataifa la Nishati, lililoundwa mwaka 1974 baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, hueleza kuwa hesabu zake za dunia zilizojengwa juu ya masharti si utabiri. Mfasiri akiiacha 'iwapo', sharti hugeuka ahadi, na huenda bajeti ikapangwa juu ya ahadi hiyo.

Tena, 'nishati' si 'mafuta' peke yake. Lita 600 zikiokolewa, kazi yake huhamia kwenye umeme, ambao Unguja huupata kutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari. Umeme huo ulikatika tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kichwa cha habari kisemacho 'matumizi ya mafuta yatapungua' hakina maana sawa na 'matumizi ya nishati yatapungua'.

Mwisho, tunapendekeza 'usafiri' uwe wa watu, 'usafirishaji' wa bidhaa, na 'uchukuzi' ujumuishe yote mawili: boti za Malindi, ndege, hata hamali na mkokoteni wake katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Mkokoteni haumo katika hesabu ya mafuta. Mzigo wake ukihamishiwa kwenye pikipiki, utaingia.

Wafasiri na walimu wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, kisha watuletee maoni.