Chungu na Udongo Wake

Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, ni wafinyanzi wa siku nyingi. Chukua chungu chao kimoja ambacho hakijaingia motoni, kimeanikwa tu kikakauka, ukiweke kwenye mizani. Tuseme kina kilo mbili. Umepima nini hapo, chungu au udongo? Wengi watajibu kwamba ni kitu kilekile, maana vingekuwa viwili mizani ingesoma kilo nne.

Jibu hilo lina nguvu, lakini halitoshi. Udongo ulikuwapo tangu juzi ukiwa donge, na chungu kimepatikana leo. Kiloweke chungu hicho kibichi majini, ukifinye kwa mikono: chungu kimekwisha, udongo ungalipo. Na kanuni ya mantiki inayohusishwa na Leibniz ni kali: kama hiki kina sifa ambayo kile hakina, hiki na kile si kitu kimoja.

Wanafalsafa wa metafizikia wamegawanyika hapa. Mwaka 1968 Mwingereza David Wiggins alitetea kwamba vitu viwili vya aina tofauti vinaweza kukaa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mwaka 1975 Mmarekani Allan Gibbard alimpinga kwa mfano wa sanamu: nusu mbili za udongo zinaunganishwa, na kwa tendo hilohilo donge na sanamu vinapatikana pamoja, kisha vinaangamia pamoja. Hapo, alisema, kuna kitu kimoja chenye majina mawili. Peter van Inwagen alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha 1990, Material Beings. Kwake chembe huunda kitu kizima pale tu zinaposhiriki uhai. Mbuzi yupo, chungu hakipo, kuna chembe zilizojipanga kwa namna ya chungu.

Mfano wa Gibbard ni hodari, ila umeepuka moto, na chungu cha kupikia lazima kichomwe. Kwenye nyuzi joto 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, maji yaliyofungamana na madini ya udongo huachana nayo yakatoka kama mvuke. Haya si yale maji ya kukandia, ambayo jua lilishayakausha. Kaolini safi, aina ya udongo mweupe, hupoteza karibu asilimia 14 ya uzito wake kwa njia hiyo. Baada ya hapo hata ukikiloweka chungu mwaka mzima, hakirudi kuwa tope la kufinyanga.

Tazama kilichotokea. Kabla ya moto, udongo uliweza kubaki chungu kikaondoka. Ndani ya moto mambo yamegeuka: chungu ni kilekile, hata alama ya kidole cha mfinyanzi bado iko ukingoni, lakini ule udongo wa kufinyangika haupo tena. Na mtu asikimbilie kusema kwamba chungu ni jumla ya chembe zake, kwa sababu sehemu ya chembe hizo imekwenda na mvuke, na chungu hakikwenda nazo.

Kwa hiyo mimi nasimama na Aristotle, aliyefundisha kwamba kitu kama hiki ni maada pamoja na umbo. Umbo hapa si sura ya nje peke yake. Ni mpangilio unaokifanya kiwe chombo, kipokee moto chini na kushika maji ndani. Mizani haisomi kilo nne kwa sababu uzito ni wa maada, na maada iliyomo ni moja, inayobeba umbo lake. Van Inwagen anatudai jibu la swali gumu: mpangilio wa aina gani unatosha kufanya chembe nyingi ziwe kitu kimoja? Deni hilo ni la haki na wafuasi wa Aristotle hawajalimaliza. Lakini kulikwepa kwa kukana kwamba vyungu vipo ni gharama kubwa mno, na sioni sababu ya kuilipa.