Wanyama katika Sanamu za Miungu ya Misri ya Kale

Mara nyingi wanafunzi humwuliza mwalimu wao: Je, watu wale waliojenga mapiramidi waliabudu mbweha na mamba? Akijibu ndiyo, hakusema kweli yote. Akijibu siyo, vile vile.

Tazama Thoth, mungu wa maandishi na hesabu. Pengine huchorwa mtu mwenye kichwa cha kwarara, pengine kwarara mzima, pengine nyani aketiye. Na mungu ni yule yule. Basi sura ile si mwili wake, ni alama ya kumjulisha. Na pale shingo ya mtu iunganapo na kichwa cha ndege, mafundi waliteremsha nywele ndefu za bandia, hata jicho lisione kiungo. Ustadi ulioje! Maandishi yao nayo ni vivyo hivyo. Picha ya mdudu afingirishaye mavi husomwa *kheper*, maana yake kutokea, kuwa. Na jua lichomozalo likaitwa Khepri, likachorwa kwa mdudu huyo asukumaye jua kama donge lake. Kwa hiyo sanamu hizi yafaa zisomwe kama herufi, kabla ya kuhukumiwa.

Rangi pia ina neno. Anubis, mlinzi wa maiti, ni mbweha mweusi, ingawa mbweha wa jangwani si mweusi. Weusi ulikuwa rangi ya tope la Nile lioteshalo nafaka, tena rangi ya maiti aliyepakwa dawa asioze.

Walakini mnyama hai naye alitukuzwa. Huko Memphis alikaa fahali Apis, mmoja tu kwa wakati wake, mjumbe wa mungu Ptah. Alijulikana kwa alama za mwilini, na alipokufa alizikwa kwa taadhima kuu. Mwaka 1851 Mfaransa Auguste Mariette aliyaingia makaburi yao huko Saqqara, akakuta majeneza ya mawe yenye uzito wa makumi ya tani. Lakini ng'ombe wengine wa nchi walilima na kuchinjwa kama kawaida.

La ajabu zaidi ni la kwarara. Katika karne za mwisho kabla ya Kristo waliuawa kwa mamilioni, wakafungwa sanda, wakatolewa na mahujaji kuwa sadaka kwa Thoth mwenyewe. Siku hizi sanda hizo zikipigwa picha za eksirei, nyingine zaonekana hazina ndege ndani, ila manyoya machache, au tope.