Ndani ya Mashine Pepe (Sehemu ya 4): Saa Haighushiwi

Tangu mwaka 2025, jina la Commodore liliponunuliwa na wamiliki wapya na Commodore 64 ikatangazwa upya ikiwa tumboni na FPGA, chipu ambayo saketi zake zinaweza kupangwa upya zifanane na za chipu nyingine, hoja moja imekuwa ikirudiwa na wapenzi wa kompyuta za zamani: kwamba zama za kuiga mashine kwa programu zimekwisha, kwani sasa mtu anaweza kupata chuma chenyewe. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli na mzigo wa makosa. Sehemu tatu zilizopita zilieleza jinsi mashine pepe inavyosoma amri za prosesa ngeni na kuzitekeleza moja baada ya nyingine, kwa hiyo sitayarudia hayo. Ninachotetea leo ni kwamba ugumu wa kuiga kompyuta ya aina hii haumo katika prosesa. Umo katika saa, na anayeipotosha saa ameiga sura tu.

Commodore 64 iliingia madukani Marekani mwaka 1982 kwa dola 595. Prosesa yake, 6510, haikuwa na maajabu: katika mashine za Ulaya ilipiga mapigo 985,248 kwa sekunde, yaani chini kidogo ya milioni moja. Utajiri ulikuwa katika chipu mbili zilizobuniwa na MOS Technology, kampuni tanzu ya Commodore: VIC-II ya picha na SID ya sauti. Kila mstari wa skrini ulichukua mapigo 63, na picha nzima mistari 312; zidisha upate mapigo 19,656 kwa picha, picha 50 na ushei kwa sekunde. Memori ilikuwa moja kwa wote, kisima kimoja chenye ndoo moja. Kila pigo liligawanywa nusu mbili, VIC-II ikachota katika nusu ya kwanza na prosesa katika nusu ya pili. Lakini kila safu mpya ya herufi ilipoanza kuchorwa, VIC-II ilihitaji kuchota mara 40 zaidi, basi ikaishika ndoo na prosesa ikasimama. Katika mistari hiyo 25, ambayo waandishi wa programu waliiita mistari mibovu, prosesa ilibakiwa na mapigo 20 hadi 23 tu kati ya 63. Programu isiyojua hesabu hiyo ilichelewa, na kuchelewa kwa pigo moja kulionekana kwa macho.

Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Picha ya mashine hii ilizungukwa na ukingo wa rangi moja, ambao kwa mujibu wa wabunifu haukuweza kuchorwa kitu. Chipu iliufunga ukingo wa chini ilipofika mstari wa 251 ikiwa imeagizwa kuonyesha safu 25 za herufi, au mstari wa 247 ikiwa safu ni 24. Vijana waliokesha na mashine hiyo wakaiona njia: acha mstari wa 247 upite chipu ikiamini safu ni 25, halafu, kabla ya 251, iambie safu ni 24. Ikifika 251, mstari huo hauihusu tena. Ule unaoihusu umeshapita. Ukingo haufungwi, na michoro inatembea mahali palipokatazwa. Hila hii haina amri yake katika prosesa. Ni suala la kufika kwa wakati, basi.

SID, kazi ya Bob Yannes, ina kisa kama hicho. Rejista yake ya ukubwa wa sauti ilikuwa na ngazi 16, na katika toleo la kwanza, 6581, kila ngazi ilipobadilishwa kilisikika kishindo kidogo, kwa sababu ya kasoro ya umeme ndani ya chipu. Watunzi wa muziki waliikumbatia kasoro hiyo. Wakaibadili ngazi maelfu ya mara kwa sekunde, kwa vipimo sawasawa, wakapata ngoma na hata sauti ya binadamu kutoka chipu iliyokusudiwa kutoa sauti tatu tu. Toleo la baadaye, 8580, lilipoondoa kasoro, sauti hizo zilififia karibu kupotea. Basi mwigaji mwaminifu analazimika kuhifadhi hata kosa, na kuuliza kosa la toleo lipi.

Wapo watakaosema kompyuta za leo zina kasi maelfu ya mara zaidi, hivyo hakuna tatizo. Kasi haisaidii pale ambapo mpangilio ndio unaotakiwa. Christian Bauer, ambaye maelezo yake ya VIC-II ya mwaka 1996 bado yanategemewa, aliandika Frodo, emyuleta yake (yaani programu ya kuiga mashine) ya Commodore 64, kwa namna mbili: moja huenda mstari kwa mstari na ni nyepesi, nyingine, Frodo SC, huenda pigo kwa pigo na ni nzito. Ile nyepesi haiwezi kuona kinachotukia katikati ya mstari. Mwandishi wa emyuleta ya bsnes naye, aliyejulikana kama byuu, alieleza mwaka 2011 kwa nini alihitaji prosesa ya gigahezi 3 kuiga Super Nintendo, mashine ya michezo ya megahezi 3.58. Emyuleta za awali zilikwepa gharama hiyo kwa kutia viraka, mchezo huu kiraka chake na ule wake. Huo ni uvivu uliovaa joho la ufanisi, na umeenea mno katika kazi ya programu.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi. Mashine pepe hukaa ndani ya mfumo unaoweza kuisimamisha wakati wowote ili uhudumie kazi nyingine. Itawezaje kutimiza pigo la mikrosekunde moja? Jibu ni kwamba haihitaji. Kuna nyakati mbili. Wakati wa ndani huhesabiwa kwa mapigo, na humo kila chipu lazima ipate zamu yake barabara. Wakati wa nje hutunzwa kwa mafungu: emyuleta hukimbiza mapigo 19,656 kwa haraka, kisha hungoja hadi zamu ya picha ifike, takriban milisekunde 20. Mtazamaji hajui. Seva za leo zinakutana na jambo hilohilo: mashine pepe iliyonyang'anywa prosesa kwa muda inaweza kupoteza mapigo ya kipima saa na saa yake ikabaki nyuma. QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, ina chaguo la icount, linalofungamanisha wakati wa ndani na idadi ya amri zilizotekelezwa.

Na FPGA? Ni kweli kwamba ndani yake chipu zote hufanya kazi kwa pamoja badala ya kupokezana, na picha hufika haraka zaidi. Hata hivyo, maelezo yanayoipanga FPGA yameandikwa na binadamu yuleyule aliyepima chipu ileile. Akiukosea mstari mbovu katika programu, ataukosea katika FPGA pia. Tena vichujio vya SID 6581 vilitofautiana chipu kwa chipu. Chuma chenyewe kipi, basi? Usahihi hutoka kwenye kipimo. Mradi wa Visual6502 ulionyesha mwaka 2010 jinsi ya kupima mpaka mwisho: chipu ya 6502 ilifunuliwa, ikapigwa picha, na transista zake zaidi ya 3,500 zikaigwa moja moja. Ni aibu kwamba wapenzi walilazimika kupasua chipu ili wajue kilichokuwa kimechorwa karatasini. Kampuni inayoacha kutengeneza chipu inapaswa kuchapisha michoro yake, na maktaba za taifa zinazohifadhi programu za zamani zinapaswa kuidai.

Msomaji anayetaka kuyaona haya kwa macho yake apakue emyuleta ya VICE, inayotolewa bure, na achague x64sc, ile inayohesabu kila pigo. Wiki ijayo tutafungua kiendeshi cha diski 1541, kilichokuwa na prosesa yake chenyewe.